Ching'wekwe wangu wanaharibiwa na jogoo wa chotara, nifanyeje?

MamaZai_Moro
Habarini wafugaji. Niko nje kidogo ya mji wa Morogoro. Bibi aliniachia ching'wekwe, matetea 9 na jogoo mmoja mwekundu. Ni kuku wadogo wa kienyeji, tetea mkubwa nimempima juzi: kilo 1 na robo. Ila huyo huyo analalia mayai 12 na kutotoa 11, na mwewe akipita anakoroma mara moja tu, vifaranga wote wanazama chini ya mihogo.

Miezi 3 iliyopita jirani kaleta majogoo 2 wa chotara. Wanaruka uzio wa mabua kila asubuhi. Vifaranga wa mwisho wametoka miguu minene, mwewe anapita wao wamesimama wanaangalia. Wameliwa 4 wiki moja! Nimejenga banda la wavu. Nikimfungia jogoo wangu na matetea, mayai yatakuwa yake kuanzia lini?

Kisima77
Dada, uza wote uchukue chotara. Mayai mengi, nyama nyingi.

MamaZai_Moro
Kaka, chotara niliwahi kufuga. Hawaatamii, na pumba nanunua kila wiki. Hawa wanajitafutia mchwa wenyewe. Naomba jibu la nilichouliza.

Mzee wa Matenga
Mwanangu, subiri wiki 3. Mbegu ya jogoo hukaa ndani ya tetea wiki 2, wengine hufika 3, kwa hiyo mayai ya kipindi hicho kaangeni. Baada ya hapo weka ya kuatamiwa, yasizidi siku 7 tangu kutagwa, ncha nyembamba chini. Siku ya 7 usiku mulika kwa tochi: yai zima utaona mishipa imetanda kama buibui mwekundu. Leupe tupu, litoe.

Ila jogoo mmoja na ukoo mmoja hakufikishi mbali. Matetea watakaotokana na jogoo wako, usimpe awapande. Tafuta mwenye ching'wekwe kijiji kingine mbadilishane majogoo. Mgeni akifika mtenge wiki 2 kwanza. Ugonjwa wa mdondo (kideri) umechanja? Tone moja jichoni, kila miezi 3. Mimi nilipitisha mwezi mmoja tu, nikazika 30.

MamaZai_Moro
Shikamoo mzee, asante sana. Chanjo ya mwisho ilikuwa kabla ya masika, kesho naenda duka la mifugo. Jogoo nimeshamfungia na wake zake, analalamika tangu saa kumi na moja alfajiri. Kuna mwenye jogoo wa ching'wekwe upande wa Mvomero au Kilosa? Namfuata mwenyewe.