Gitaa la umeme la bei nafuu: nianze kubadilisha nini?

Nyuzi Sita, Arua
Habari zenu wapendwa. Napiga gitaa kanisani huku Arua. Gitaa langu ni la mtindo wa Stratocaster, la bei nafuu, nililipata Kampala likiwa limeshatumika. Shingo yake imenyooka na mkono umeshaizoea, kwa hiyo kuliuza siwezi. Shida ni mbili. Uzi wa tatu hautulii: nikiuvuta kwenye solo unarudi ukiwa umelegea, na nikiukaza unalia "tink!" kisha sauti inaruka juu. Pili, gitaa linavuma kama nyuki, na nikisogea karibu na taa za tyubu za madhabahuni ndiyo balaa. Nimeweka akiba shilingi 300,000. Nilifikiria pikapu tatu mpya, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti, pamoja na mashine za kukazia nyuzi. Mnasemaje?

Fundi wa Kibuye
Ndugu yangu, hiyo pesa iache mfukoni kwanza. Huo mlio wa "tink" umeshakujibu: uzi unakwama kwenye kile kipande cha plastiki mwanzo wa shingo, unapoelekea kichwani. Mashine za kukazia unazionea bure. Legeza uzi, sugua mfereji wake kwa penseli ya 2B mpaka ung'ae, urudishe, kisha uvute tena.

Ukitulia, ujue dawa ya kudumu ni kipande cha mfupa. Na mfupa wa ng'ombe Uganda tutaukosaje? Mimi nilichukua wa paja kwa muuza nyama, nikauchemsha mafuta yatoke, nikauacha ukauke kabisa, ndipo nikaukata kwa msumeno wa chuma. Funika pua na mdomo, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kusugua kwa msasa kulinichukua jioni tatu, kwa sababu kila mara nilikijaribisha mahali pake na kukitoa tena. Mfereji uwe mpana kuliko uzi kwa unywele tu, na uinamie upande wa kichwa. Ukiuchimba kupita kiasi, uzi utagonga chuma cha kwanza cha shingo, na hapo huna budi kuanza upya. Nilichimba taratibu, na lile gitaa mpaka leo linashika sauti ibada nzima.

Poteshomita, zile za kuzungusha sauti ipande au ishuke, ukizibadilisha, chukua za kilo-omu 250, ndizo zinazofaa pikapu za koili moja. Za 500 zitafanya sauti iwe kali. Pima matundu zinamopita pia: zile ndogo za kiwandani zina shina jembamba, kubwa zinataka tundu la karibu milimita 9.5.

Mama Besi, Mbale
Kabla ya yote, kaka, washa amplifaya, acha gitaa livume, kisha ushike nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, waya wa ethi, ule unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme, uko sawa, kilichobaki ni kutandika utepe wa shaba kwenye kuta za mashimo ya ndani ya gitaa ili kuzuia mvumo. Usipobadilika hata kidogo, fungua kifuniko cha nyuma penye springi utazame kama waya huo umeachia. Na soketi ya kanisa ikaguliwe na fundi umeme. Kama haina ethi, siku moja mdomo utagusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, upigwe shoti mbele ya waumini.

Nyuzi Sita, Arua
Asanteni sana. Penseli imefanya kazi, uzi wa tatu umetulia tangu jana. Nikashika nyuzi kama alivyosema Mama Besi: mvumo uleule. Nimefungua nyuma, na kile kibati kinachoshika springi hakina waya. Waya mweusi unaning'inia pembeni, ncha yake bado ina tone la risasi ya kulehemu lililoachia.

Fundi wa Kibuye
Ndiyo huo! Kwangua kibati kwa msasa mpaka chuma kionekane, la sivyo risasi haitashika. Chuma cha kulehemu kiwe na moto wa kutosha, kibati kinameza joto. Kisha uje utuambie unasikia nini.

Nyuzi Sita, Arua
Nimelehemu leo mchana. Nikishika nyuzi, kimya. Taa za madhabahuni bado nazisikia kwa mbali, natafuta utepe wa shaba. Mfupa nimeshauchemsha, unakauka juu ya bati.