Vigae vya Unguja Ukuu: vinafaa kupimia sumaku ya dunia ya zamani?

Mchimbaji: Assalamu alaykum. Vipo vigae, yaani vipande vya vyungu, vya karne ya 7 hadi 9, unene milimita 8 hivi, vingine vyeusi katikati. Vitaonesha kaskazini ya enzi hizo?

Tanuri580: Waalaykum salaam. Kaskazini sahau. Chungu kimeshahama tangu kichomwe; mwelekeo unataka jiko lisilosogea hata kidogo. Kigae kinatoa nguvu ya uga wa sumaku wa dunia tu. Magnetaiti, madini ya chuma yaliyomo udongoni, ikipita nyuzi 580 hupoteza usumaku, na ikipoa hushika mwingine kwa kadiri ya uga wa siku hiyo.

Njia ya kupima ni ya mwanafizikia Thellier. Kata vipande 4 hadi 6 kwa kigae. Pasha nyuzi 100, 150, 200, hivyo hivyo hadi 580, kila hatua mara mbili: kwanza bila uga, kisha kwa uga unaoujua, tuseme maikrotesla 40 (kipimo cha nguvu ya uga). Usumaku uliopotea gawa kwa uliopatikana, zidisha kwa 40. Kila baada ya hatua mbili rudia hatua ya joto la chini uliyokwisha kuipima. Jibu likibadilika, udongo umegeuka, kitupe.

Hivyo vyeusi ndivyo vinavyosumbua: havikuungua sawasawa, maabara inavimalizia, madini mapya yanazaliwa na mstari wa grafu ya kilichopotea na kilichopatikana unapinda.

Mkumbuu: Chungu cha kupikia chenye masizi je? Kimerudi motoni mara elfu. Moto wa kupikia umefuta usumaku wa hatua za chini, zipuuze. Na mfinyanzi akigonga ukuta wa chungu hulaza chembe za madini upande mmoja na kupotosha jibu, kwa hiyo pima kipande kikielekezwa pande 6 usahihishe.