Si kila mjusi arukaye ni Draco volans! Nimechoka na majina ya kubandika

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nimenunua kitabu cha picha za reptilia. Jalada gumu, karatasi nzuri, na ukurasa mzima wametengewa mijusi warukao wa Asia. Picha nne, na chini ya zote nne jina ni lilelile: Draco volans. Zote nne!

Ya kwanza, mjusi ametandaza bawa lenye mikanda mitano myeusi, hata mtoto ataihesabu. Huyo ni Draco quinquefasciatus. Jina lake lenyewe kwa Kilatini ni "mwenye mikanda mitano". Ya pili wameandika wenyewe kwamba imepigwa kusini mwa India. Jamani, anayeishi huko ni Draco dussumieri, volans hayupo India kabisa. Ya tatu ni dume wa Singapore, kaikunjua ile ngozi ya kooni, ndefu, ya njano kali. Draco sumatranus huyo. Ya nne unaona mkia na gome la mti tu, na kwa picha ile hakuna awezaye kusema ni spishi gani.

Nikawaandikia wachapishaji. Wakanijibu kwamba hilo ndilo jina ambalo wasomaji wamelizoea. Hapo ndipo waliponitibua zaidi. Wasomaji wamelizoea kwa sababu ninyi hamwachi kulirudia!

Vitabu vya zamani nawasamehe. Mwanasayansi Linnaeus alitoa jina Draco volans, yaani joka arukaye, mwaka 1758, na baadaye wataalamu wakawarundika chini yake mijusi wa visiwa vingi wakiwaita nususpishi. Lakini watafiti McGuire na Heang walichapisha uchambuzi wa vinasaba mwaka 2001, na wengi waliokuwa wamerundikwa humo sasa ni spishi kamili. Jenasi Draco leo ina spishi kama 40 hivi. Volans mwenyewe ni wa Java na Bali, Indonesia. Kitabu changu kimechapwa juzijuzi, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Na kisanduku cha uainishaji ndio balaa. Himaya, faila, ngeli, oda, sawa. Kufika familia wameandika Gekkonidae, yaani familia ya mijusi kafiri. Hapana! Ni Agamidae. Ni kweli katika Gekkonidae wapo mijusi wanaoelea hewani, ila wao wana mikunjo ya ngozi pembeni mwa mwili na utando kati ya vidole, basi. Ndani ya ngozi ile hamna mbavu. Draco ana mbavu ndefu, tano hadi saba kila upande kutegemea spishi, na misuli ikizivuta mbele ngozi inatanda kama mwavuli unaofunguliwa. Watu wa karibu na Agamidae ni vinyonga. Tazama taya za makundi haya mawili: meno mengi yameshikana na ukingo wa juu wa mfupa. Mjusi wa Gekkonidae hana meno ya namna hiyo. Mtu aliyejaza kisanduku kile hakufungua hata ukurasa mmoja wa rejea.

Eti pia "huruka kama ndege". Hapigi bawa hata mara moja! Anajirusha kutoka juu ya mti, anaelea huku akishuka, anatua kwenye shina lingine. Na kuna jambo zuri kuliko uongo huo: mwaka 2017 mtafiti Dehling alionyesha kwamba mjusi akishajirusha hushika ukingo wa mbele wa bawa kwa viganja vyake. Analishika bawa kwa mikono! Hilo hawakuliandika.

Msiniambie ni majina tu. Spishi inayoishi kisiwa kimoja ikikatiwa msitu wake, nani atajua inapungua wakati vitabuni imeandikwa Draco volans, mjusi wa kawaida, yupo tele Asia? Ukishamnyima jina, hata kumhesabu huwezi.

Jana nimewaandikia tena. Nimewapa namba ya ukurasa, majina matatu sahihi na familia. Picha ya nne nimewaambia waandike "Draco, spishi haijatambuliwa". Wakijibu nitaleta majibu humu humu.