Msaada wakuu: kutu kwenye mashine ya randa ya zamani, nitumie soda na umeme?

mbao_ngumu: Wakuu habari zenu. Nimerithi mashine ya kuranda mbao ya marehemu babu, ni chuma kizito cha kusubu, imekaa miaka kwenye banda linalovuja sasa meza zote mbili zimejaa kutu na skrubu ya kupandishia meza imeganda haizunguki kabisa. Nimejaribu msasa kwenye kona moja nikaacha, naona nakula chuma chenyewe, na meza ya randa ikishapoteza unyoofu ndo basi tena. Nasikia kuna njia ya kuloweka kwenye maji ya soda ya kufulia (sodiamu kaboneti) na kupitisha umeme wa chaja ya gari. Aliyewahi kufanya anieleweshe, hii mashine naipenda sana.

chumachakavu: Pole kwa kumpoteza mzee. Hapo kwenye msasa umefanya vizuri kuacha. Njia ya umeme inashughulika na kutu tu, chuma kizima hakiguswi. Tafuta pipa la PLASTIKI, kila lita 4 za maji tia kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kufulia. Kipande chenye kutu kifunge waya wa HASI wa chaja ya volti 12, ule wa CHANYA funga kwenye chuma chochote cha kutupa, nondo inafaa sana. Visigusane ndani ya maji, na usikosee waya maana ukigeuza meza ya babu ndo italiwa badala ya nondo.

fundi_taratibu: Naongezea mkuu, nondo usibadilishe na stenlesi eti kwa vile haiishi haraka, inaachia kromiamu yenye sumu kwenye maji. Chumvi pia usitie hata chembe, inatoa gesi ya klorini. Viputo utakavyoona kwenye meza ni haidrojeni, inawaka, kwa hiyo fanyia nje na uzime chaja ukutani KABLA hujagusa vibanio. Vua mota, beringi na kila cha aluminiamu. Visu usiloweke kabisa, haidrojeni ikiingia kwenye chuma kigumu kinakuwa rahisi kukatika, na kisu cha randa kikikatika kinazunguka ni hatari.

mbao_ngumu: Nimefunga kila kitu lakini hamna kiputo hata kimoja, chaja inasoma sifuri. Ni hizi chaja mpya.

chumachakavu: Hizo zisipohisi betri hazitoi umeme. Azima chaja ya zamani, au unganisha betri ya gari katikati, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, betri ikae mbali na pipa. Na pale ulipofunga waya umekwangua mpaka chuma king'ae? Kutu haipitishi umeme vizuri.

mbao_ngumu: MREJESHO. Nimepata chaja ya zamani, ampia 4 usiku kucha. Asubuhi juu ya maji kuna povu zito la kahawia, meza ya kwanza imetoka na ute mweusi nikasugua kwa brashi na maji ukaondoka wote, chini yake ile mistari myembamba ya kiwandani bado ipo! Nimeishika mkononi nikamkumbuka mzee. Skrubu nayo nilipotia oili imekubali robo mzunguko. Ila upande wa chini wa meza kutu iko vilevile, nimekosea wapi?

chumachakavu: Hujakosea, umeme unafanya kazi zaidi upande unaotazamana na nondo. Zungusha nondo pande zote za pipa uziunge kwa waya, zikivaa tope jeusi zikwangue urudishe. Halafu hiyo uliyotoa imekauka?

mbao_ngumu: Nimeianika juani.

fundi_taratibu: Itoe haraka! Chuma kikiwa kitupu hivyo kinashika kutu ndani ya dakika chache. Futa, pasha joto mpaka unyevu wote uishe, paka oili nyepesi. Juu ya meza malizia na nta, oili ikibaki pale italowa kwenye mbao na vanishi haitashika.

mbao_ngumu: Kweli imeshaanza rangi ya chungwa pembeni, imefutika na kitambaa chenye oili. Nondo 4 zipo ndani sasa, viputo vinapanda pande zote.