Tunaachana, anasema kila mtu abaki na madeni ya jina lake. Ni haki kweli?

Mama Pacha
Habarini wapendwa. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuachana, hakuna vita, tumechoka tu na wote tunataka yaishe bila kuumizana. Tuna nyumba ambayo bado tunailipia benki na mkopo una majina yetu wote wawili, kuna gari, kuna biashara anayoiendesha yeye japo mtaji ulitoka kwenye akiba yetu ya pamoja, halafu kuna mkopo niliochukua mimi kazini ambao karibu wote uliishia kwenye ada za watoto na kumalizia paa. Anapendekeza mimi nichukue nyumba, yeye biashara na gari, na kila mtu alipe madeni ya jina lake. Ukisikia haraka haraka inaonekana sawa na kusema kweli moyo wangu uko kwenye hiyo nyumba kwa ajili ya watoto, lakini kuna kitu kinanikwaza na nashindwa kukitaja. Nyie mngeangalia nini kabla ya kusaini?

Mzee wa Mahesabu
Pole sana dada. Nadhani kinachokukwaza ni kwamba mnagawana vitu wakati mlitakiwa kugawana thamani. Tuseme nyumba ikiuzwa leo inaleta 100 na benki bado inadai 70, basi wewe umepewa 30, siyo 100, na hapo sijatoa gharama za kuuza. Biashara tuseme ina thamani ya 50 na haidaiwi na mtu, gari 10, mwenzio ana 60. Sasa weka na mkopo wako wa kazini, tuseme 15, wewe unaondoka na 15 yeye anaondoka na 60 na kwenye maneno ilisikika kama mmegawana nusu kwa nusu! Kwa hiyo kaa chini uandike kila kitu, mali upande huu madeni upande huu, thamani zote ziwe za tarehe moja. Nyumba aithamini mtu asiye wa upande wako wala wake. Biashara ndiyo ngumu, usikubali kuambiwa "haina faida", omba stetimenti za benki, hesabu za mauzo, mzigo uliopo, nani anaidai biashara na biashara inamdai nani, na kodi kama imelipwa. Na pensheni zenu msizisahau, watu wanagombania makochi wanaacha mafao ya uzeeni ambayo pengine yana thamani kuliko vyote vya ndani.

Nuru82
Naongeza kwenye mkopo wa nyumba maana hili limemtesa dada yangu mpaka leo. Makaratasi ya talaka yaliandika kwamba mume ndiye atalipa, dada akaondoka ameridhika, mume akalipa kidogo akaacha, benki ikamfuata dada. Alipowaonyesha hukumu wakamwambia sisi mkataba wetu una sahihi mbili. Na kisheria walikuwa sahihi, makubaliano yenu nyie wawili hayamfungi anayewadai, yanakupa tu nafasi ya kumshtaki mwenzio baadaye urudishiwe. Kwa hiyo mama Pacha, jina la mumeo litoke kwenye mkopo, ama nyumba iuzwe deni lilipwe mgawane kilichobaki, ama benki ikupe mkopo mpya kwa jina lako peke yako ule wa zamani ufungwe. Nenda uwaulize mapema kama mshahara wako mmoja unatosha, wakikataa ni bora ujue sasa kuliko baada ya kusaini. Hati nayo ibadilishwe, ni jambo tofauti na mkopo, mtu anaweza kutoka kwenye hati akabaki kwenye deni. Akaunti ya pamoja muifunge, na angalia kama kuna mahali uliwahi kumdhamini kwenye mikopo ya biashara, maana udhamini hauishi kwa sababu ndoa imeisha.

Kijana wa Pwani
Mbona mnamtisha, si wagawane tu nusu kwa nusu kila kitu yaishe?

Wakili Mstaafu
Ndugu yangu, nusu kwa nusu si kanuni ya kila mahali. Kuna nchi sheria inaanzia nusu, na kuna nchi mahakama inaangalia nani alichangia nini na nani atabaki na hali gani, na sehemu nyingi kulea watoto na kutunza nyumba kunahesabiwa kama mchango hata kama hukuingiza mshahara. Mama Pacha, muoneni wakili wa hapo mlipo, kila mmoja na wake, msitumie mmoja wote wawili hata kama mnaelewana. Kuhusu deni la jina lako, swali si jina, swali ni hela ilifanya nini. Ada na paa ni mambo ya familia, hilo deni lina haki ya kuingia kwenye mizani. Angekuwa amekopa kwa siri akacheza kamari ningesema abaki nalo mwenyewe. Tafuta risiti za shule na za fundi. Na matunzo ya watoto yawe mazungumzo ya peke yake, usiachie mali zako kwa ahadi kwamba "nitawasomesha".

Mama Pacha
Asanteni mno. Risiti za shule ninazo, za paa sina ila hela ilitoka kwenye akaunti yangu kwenda kwa fundi. Hiyo inatosha?

Wakili Mstaafu
Ni ushahidi mzuri. Chukua stetimenti ya miezi hiyo, na ya siku mkopo ulipoingia, ili ionekane umeingia na umetoka kwenda wapi. Na kama fundi bado yupo mwombe aandike kwa mkono wake alilipwa kwa kazi gani. Fanya hivyo kabla hujamwambia mumeo kwamba pendekezo lake umelikataa.