Eti "ubongo ni ubongo, bwana mdogo"! Huyu mtaalamu wetu wa Kigoma ana nini?

Mwana_Mwanga:
Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji. Wa Kigoma wote mnamjua, yule wa kalamu nne mfukoni na zote haziandiki.

Kachukua picha za ubongo za MRI kazitia kapu moja. Wagonjwa wote wamepigwa kwa mashine ya tesla 1.5 (tesla ndiyo nguvu ya sumaku yake), vipande vya milimita 5. Wazima wote tesla 3, milimita 1. Kabonyeza, p, ile namba ya kupima kama tofauti yaweza kuwa bahati tu, ikatoka na masifuri mpaka yakagonga ukuta. Katangaza gamba la ubongo la wagonjwa limesinyaa!

Nikanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mzee wangu, tutajuaje ni ugonjwa na si mashine?" Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. "Ubongo ni ubongo, bwana mdogo. Wewe rudi Kibirizi ukapime dagaa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpaka mama wa chai, ambaye vitumbua vya watu wote nimelipa mimi!

Dagaa, wakuu. DAGAA. Na hata huko Kibirizi ukinunulia mizani hii ukauzia ile, si watakutosa ziwani? Halafu alivyoifuta ile miwani taratibu...

Babu wa Gungu:
Pole mleta uzi, ila chai imenipalia. Kwa hiyo kesho dagaa kilo shilingi ngapi?

Kijana_Mtulivu:
Hasira za nini? Angeingiza mashine kama kigezo kwenye modeli, yakaisha.

Mtafiti Mvivu:
Hayaishi, mkuu. Wagonjwa wote mashine hii, wazima wote ile: ukiitoa athari ya mashine, ugonjwa nao unaondoka nayo. Hata ComBat, ile mbinu ya kusawazisha tofauti za mashine iliyoanzia kwenye data za jeni mwaka 2007, hapo haina la kufanya. ADNI, ule mradi wa Marekani wa kuchunguza ugonjwa wa Alzheimer, baadhi ya watu waliwapiga picha kwa tesla 1.5 na tesla 3, mtu yuleyule, ili tofauti ya mashine ionekane.

Mwana_Mwanga:
Ubarikiwe! Kamwambie na yeye. Alivua MIWANI, mkuu.

Binti Ujiji:
Tumeshasikia habari ya miwani, kaka. Vitumbua vilikuwa vya nazi?

Mnyamwezi Halisi:
Mnalilia ubongo! Huku Tabora nimeuziwa asali stendi, nusu nzima sukari. Nimeipeleka ukweni. Baba mkwe kaonja, kaniangalia, kaomba maji.

Babu wa Gungu:
Hahaaa! Kaomba maji! Uchumba bado upo?

Kijana_Mtulivu:
Asali nunua Sikonge, stendi utapigwa tu.

Mwana_Mwanga:
Jamani, uzi wangu...

Binti Ujiji:
Kaka, huu ni wa asali sasa. Nani ana ya nyuki wadogo? Nataka dumu la lita 5, nitumiwe kwa treni.