Tupeane uzoefu: Mkitoka na familia kutembea nje ya nchi, mlikula wapi na ilikuwaje?

Mwisho wa Reli (mleta mada), Kigoma

Wakuu, salaam. Likizo ya Desemba hii hapa, na nyumbani tumeshakubaliana kwamba mwaka huu hatuendi kwa ndugu Dar, tunavuka mpaka. Ubishi uliobaki ni Bujumbura au Kigali. Nauli naijua, pa kulala nimeshaulizia. Kinachonikosesha usingizi ni chakula. Watoto ni wanne, mdogo bado anachagua chagua, na mama mkwe naye yumo. Kulilisha jeshi hilo mgahawani asubuhi, mchana na jioni si mchezo.

Sitaki zile za "tulienjoi sana". Leteni za kweli: mliagiza nini, mlisubiri kiasi gani, bili ilikujaje, watoto walikula au walisusa. Hata kama ni nchi ya mbali, tiririkeni.

Msimamo wangu ni huu: safari ya familia haiharibiwi na bei ya chakula, inaharibiwa na njaa. Ukiingia mgahawani watoto wameshaanza kulia, utakaa popote na kuagiza chochote kwa bei yoyote. Anayebisha aje.

Mama Mapacha, Gungu

Sibishi baba, naongezea. Sisi tulipitia Manyovu, tukashuka Nyanza-Lac, Rumonge, mpaka Bujumbura, ziwa liko mkono wa kushoto njia karibu yote. Kwanza kabisa jihadhari na saa. Burundi wako nyuma yetu saa moja. Ikigonga saa 7 mchana tumbo la mtoto wa Kigoma linadai haki yake, kumbe kule ni saa 6 na mpishi ndiyo kwanza anachochea mkaa.

Halafu samaki wa kuchoma hachomwi kabla hujafika. Unaagiza, ndipo anatolewa, anaoshwa, anawekwa chumvi. Siku ya kwanza tulikaa zaidi ya saa nzima.

Siku hiyo alitusaidia mama mkwe, mwenyeji wa Kalinzi, Kiha kitupu. Mhudumu kaleta menyu ya Kifaransa, baba watoto kaikunjia uso, anageuza ukurasa mbele na nyuma kama vile upande wa pili kutakuwa na Kiswahili. Mama akaona tunamchelewesha. Akajifunga kanga vizuri, akazama jikoni. Tukawa tunasikia vicheko tu. Yeye anasema Kiha, mpishi anajibu Kirundi, wala hakuna aliyetafuta mkalimani. Akatoka kamshika mkiani mgebuka (kule wanamwita mukeke) mkubwa kuliko wote waliokuwepo, akatufunulia mashavu tuone wekundu, kisha akamrudisha mwenyewe jikoni. Alikuja kapasuliwa, kalazwa wazi kwenye sahani ndefu, vitunguu na ndimu juu, ndizi za kukaanga pembeni. Mapacha wangu ambao nyumbani samaki ni mpaka fimbo, walikula wakalamba vidole.

Baada ya hapo tukajipangia utaratibu. Tukishakunywa chai, baba anapita mgahawani kuagiza cha mchana, anataja saa tutakayofika kwa saa YAO, na anauliza bei ya samaki mmoja mmoja, maana inakwenda na ukubwa. Tukifika, ndizi zinatangulia. Mtoto akiwa na kipande cha ndizi mkononi anasubiri samaki bila vurugu.

Jioni mnaweza kukaa kwenye migahawa ya ufukweni, upepo mzuri. Ila viboko wapo na giza likianza wanatoka majini, kwa hiyo watoto wabaki mezani, wasiende kuchezea ukingoni.

Dagaa Mchanga

Mama Mapacha umetoka Kigoma ukavuka mpaka, ukalala hotelini, ili ukale mgebuka. Ziwa lile lile!

Mama Mapacha, Gungu

Ziwa lile lile, ila safari hii si mimi niliyempara.

Dagaa Mchanga

Hapo sina neno. 😂

Unyanyembe, Tabora

Mleta mada, nenda Kigali. Sisi tulipita Nzega, Kahama, tukaingilia Rusumo. Saa ni hiyo hiyo ya Burundi, kwa hiyo alichosema dada hapo juu kinahusu na Kigali.

Mchana tafuta sehemu wanazouza melanji. Ni mezani pamewekwa masufuria: wali, ndizi, maharage, viazi, isombe (kisamvu cha kutwanga, kitamu hasa), tambi, chipsi, kachumbari. Unalipia sahani, unajipakulia. Sharti ni moja: unapakua MARA MOJA. Ukishaondoka pale mezani, habari ya kurudi kuongeza sahau, na nyama mara nyingi anakupimia mhudumu mwenyewe. Sasa sisi watu wa Tabora tumezoea "dada, ongeza mboga". Mke wangu alielewa somo kabla yangu. Alianza na ndizi chini, akazishindilia kidogo, wali juu, maharage akayapitisha pembeni yasimwagike, isombe kaziba mapengo, kachumbari ndiyo paa. Akaibeba sahani taratibu mpaka mezani huku wateja wengine wakimsindikiza kwa macho. Sahani ile ilimshibisha yeye na mdogo wetu wa mwisho. Wakubwa kila mmoja na yake, basi. Kwa familia hakuna kitu kinachoshinda melanji, kwa sababu chakula kiko tayari, mnakiona kabla ya kulipa, na kila mtoto anapakua anachokijua.

Kuna vitu vingine vya kujua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za jamii nchi nzima. Asubuhi mpaka kama saa 5 hivi maduka na migahawa vinafungwa. Mkiangukia siku hiyo, nunueni mikate na ndizi mbivu Ijumaa jioni.

Kwa Waislamu, ukiona au ukisikia "akabenz", ni nguruwe. Inauzwa sehemu nyingi za kuchoma, na wakati mwingine jiko ni hilo hilo la mishikaki ya mbuzi. Uliza kabla hujakaa.

Na ile Akabanga, pilipili ya mafuta inayokuja kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, ni ya matone. Shemeji yangu wa Urambo alifungua kile kizibo cha ndani akamimina kwenye maharage, eti pilipili gani hii ya kunyunyiza kama marashi. Sitasimulia zaidi, ni mtu mzima.

Fundi Isevya, Tabora

Unyanyembe, hujasema habari ya mifuko. Rwanda walikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, miaka kumi na moja kabla yetu. Sisi tulifika Rusumo na kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye nailoni zilizobaki nyumbani, tukaambiwa nailoni hazivuki. Tukamla pale pale pembeni ya geti. Bebeni hotpoti au bakuli lenye mfuniko, linafaa hata kuondokea na mabaki ya mgahawani.

Binti Ng'ambo, Tabora

Mimi nawapeleka mbali kidogo, Muscat, Oman. Tabora hapa tuna ndugu wengi kule, wajomba zangu wako huko tangu miaka ya sabini. Tulikwenda familia nzima, na kaka yangu mkubwa ndiye mshika pochi.

Jioni ya kwanza akasema asisumbuliwe mwenyeji, anatutoa yeye. Mgahawa wenyewe una vyumba vidogo vya familia, mnavua viatu, mnakaa chini kwenye zulia, pazia linafungwa, kina mama mnajiachia. Menyu ikaja. Kaka akaona kuku na wali, 2.500. Akashusha miwani, akasoma tena. "Elfu mbili na mia tano! Tabora hata chipsi mayai tabu!" Akawa mtu wa kuagiza: kuku, mbuzi, samaki, juisi za kila rangi, akauliza na watoto wa jirani kama wameshiba.

Jamani, rial moja ina baisa elfu moja, kwa hiyo bei zao zina tarakimu tatu baada ya nukta. Hiyo 2.500 ni rial mbili na nusu, na rial moja ni kama dola 2.6. Kuku yule ni dola 6 na nusu. Bili ilikuja 19.600. Kaka akatoa shilingi elfu ishirini kichwani mwake, akawa anasubiri chenji. Mjomba ndiye aliyemnong'oneza kwamba ile ni dola hamsini na kitu. Palipita ukimya wa kutosha kumaliza juisi.

Ila sijutii, na hapa nampinga mleta mada kidogo: si njaa peke yake inayomponza mtu kwenye kuagiza. Sinia lile la wali lilikuwa kubwa, watoto walikula wote pamoja kwa mikono, hakuna aliyesusa. Tatizo lilikuwa kuagiza sinia tatu kwa watu ambao moja na nusu ingewatosha. Sehemu za namna hiyo agizeni pungufu kwanza.

Mengine kwa kifupi. Kodi yao ya ongezeko la thamani ni 5%, ilianza 2021. Uliza kama imo kwenye bei. Ijumaa mchana migahawa mingi inafungwa mpaka baada ya sala. Na Ramadhani mchana msitegemee kula hadharani, hata mtoto mpeni chumbani. Lugha isiwatie hofu: mhudumu huenda akawa Mhindi au Mbangladeshi, lakini meza ya jirani hakosi mzee anayewasikiliza Kiswahili chenu huku anatabasamu.

Mzee wa Bandari, Kigoma

Enzi hizo meli ya Liemba inakwenda Mpulungu, niliwapeleka wanangu Zambia. Mgahawani wanakuletea nshima (ugali wao) kwa madonge, unataja unataka mangapi. Mboga ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kapenta wa kukaanga na nyanya. Binti yangu akachungulia sahani akaniuliza, "Baba, si dagaa hawa?" Ni wenyewe. Hata wale wa ziwa Kariba wanaotamba nao, asili yao ni Tanganyika, walipelekwa kupandikizwa miaka ya 1967 na 1968. Nikamwambia ale, ni ndugu zake.

Walikula wakamaliza. Watoto wa ziwani hawana shida ukiwapa ugali na dagaa, hata uite majina gani. Ndiyo maana nasema ukiwa na mtoto anayechagua, mtafutie kwanza kitu anachokijua, halafu ladha za kigeni zije kidogo kidogo upande wa sahani.

Shikamoo yako nimeipokea, Mwisho wa Reli, maana naona hukuitoa.

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu, nisamehe! Na wote mliochangia, asanteni. Mama mkwe nimemsomea habari ya yule bibi wa Kalinzi, ameshasema hata kama tunakwenda Kigali, yeye anashukia Bujumbura.

Fundi Isevya, Tabora

Mkuu, mbona hakuna aliyegusa vinywaji? Mimi ndiko nilikoumia. Chakula watu watano bei ya kawaida kabisa, halafu soda, juisi, maji ya chupa, soda tena. Nikipiga hesabu usiku, vinywaji vinakaribia chakula. Sasa hivi kila mtoto ana chupa yake ya maji tunayojaza asubuhi, soda ni moja kwa siku na anachagua mwenyewe lini. Kelele ziliisha siku ya pili.

Dagaa Mchanga

Swali kwa Mama Mapacha. Migahawa ya Bujumbura wanapokea shilingi yetu?

Mama Mapacha, Gungu

Usitegemee. Badilisha faranga mapema, sehemu inayoeleweka, uhesabu mbele yao noti kwa noti. Na uwe na ndogo ndogo, maana ukitoa noti kubwa kwa sahani ya ndizi, chenji utaisubiri kuliko samaki.